Uvimbe wa Mama Mutale

Johannesburg, 20 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Nawasalimu sana, wewe na baba. Jumapili uliniuliza kwa simu kazi ninayoshinda nayo humu maabarani na koti langu jeupe, na kabla sijajibu watu wa depo wakaanza kukuita: huyu anataka misumari, yule anataka mabati. Dereva Zéphirin anapakia lori la baba kesho kurudi Lubumbashi na amekubali kunibebea barua. Isome ukiwa umekaa.

Unajua saratani ya titi inavyotibiwa. Dawa inaingizwa kwenye mshipa wa mkono, nayo inazunguka mwili mzima. Inaua saratani, lakini njiani inapiga kila inachokikuta: nywele, tumbo, damu, hata moyo. Ni kama kumwagia sumu shamba zima kwa ajili ya fuko mmoja.

Sisi tunatengeneza chembe. Ni ndogo mno, mama. Mia kadhaa zikipangwa ubavu kwa ubavu hazizidi unene wa unywele. Ndani ya kila chembe natia dawa mbili: moja ni nyekundu kama sharubati, nyingine asili yake ni ganda la mti. Kwa nini mbili? Kwa sababu saratani ina ujanja. Ukiipiga na dawa moja inajifunza kuitema. Zikiifikia mbili pamoja, saa ileile, inakosa pa kukimbilia.

Utamu wote uko kwenye ganda la hiyo chembe. Damu yetu si chachu, lakini uvimbe wa saratani ni mchachu. Si sana, kama muhogo uliolowekwa leo asubuhi, ambao hata pua ya rafiki yako Mama Mutale isingeujua. Chembe inaujua. Ikiwa kwenye damu inabaki imefungwa, inapita moyoni bila kuugusa. Ikifika penye uchachu ganda linalegea, na dawa zote mbili zinatoka.

Wiki iliyopita tulipima panya. Wale waliopata chembe zangu, uvimbe wao umesinyaa. Profesa alinipa mkono mbele ya wote. Nilikwenda chooni nikalia, usimwambie baba. Siku moja, mama, wanawake hawatapoteza nywele wala titi. Nakuambia iko karibu.

Msalimie Mama Mutale, mwambie mboga za huku hazina ladha ya lengalenga yake ya Kasungami.

Mtoto wako,
Emmanuella


Lubumbashi, 12 Novemba 2024

Emmanuella mutoto wangu,

Barua nilipata. Nilisoma mara ya kwanza nimesimama, halafu nikakaa nikasoma tena, vile ulisema. Baba yako hajaisoma, iko safari. Alienda Goma kumuchukua mama yake. Nkambo wako alikimbia Lubero tangu mwezi wa sita, sasa analala ku nyumba ya bantu, na vita haisimame. Baba yako anasema: miye niko na nyumba kubwa Lubumbashi, mama yangu analala chini namna gani? Nikamuambia enda. Depo nitafunga na kufungua miye mwenyewe.

Sasa niko na swali, lakini si yangu. Ni ya Mama Mutale. Alikuja hapa na kitunga yake ya mboga, akanivuta nyuma ya mifuko ya saruji, akasema ku titi ya kushoto iko kitu. Kigumu kama kokwa. Hakiumi. Juu yake ngozi inajikunja kidogo, kama kitambaa chenye kimeshonwa mubaya. Anaogopa kumuambia bwana yake. Nikamuambia nyamaza, mutoto wangu njo anasoma hayo mambo, nitamuuliza.

Je, chembe yako inaweza kumusaidia? Itatoka lini? Na kama muntu anangoja kidogo, iko mubaya?

Usimuandikie yeye, iko na haya. Uniandikie miye.

Huku tuko muzuri. Kula, mutoto. Ku foto ya mwisho mashavu ilikuwa imeisha.

Mama yako,
Kasoki Marceline


Johannesburg, 2 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Kwa kuwa si wewe, sitapamba maneno.

Kitu kigumu, kisichouma, na ngozi inajikunja juu yake: Mama Mutale aende hospitali wiki hii. Watamchoma sindano nene kidogo watoe nyama ya kupima. Wakimwambia ndiyo, akubali kisu. Mtu anaishi bila titi. Baada ya kisu watampa dawa za mshipa, nywele zitakwenda na zitarudi.

Hapa nasoma takwimu mpaka naumwa kichwa, na nakuambia wanawake wetu wengi hawafi kwa kukosa dawa tu. Wanakufa kwa kungoja. Wanangoja mume arudi, wanangoja mahindi yavunwe, wanangoja mchungaji amalize maombi yake. Mama Mutale ni mkaidi, namjua tangu niko mdogo. Mshike mkono, umpeleke wewe mwenyewe.

Kuhusu chembe zangu, bado hazijafika kwa watu. Lakini tunaendelea vizuri, na profesa ana matumaini makubwa.

Baba anarudi lini? Nimempigia mara nyingi, simu inaita tu.

Emmanuella


Lubumbashi, 9 Januari 2025

Mutoto wangu,

Mwaka mupya ikukute muzima. Huku Noeli ilikuwa ya makelele. Muhindo, mutoto wa ndugu ya baba yako, alifika na bibi yake na batoto na wazee ya bibi yake, bote banatoka kule. Balipita Uganda, balipita Tanzania, balipita Zambia. Banalala ku salon ya nyumba, banalala ku chumba yako, mungine analala ku depo juu ya makartoni. Kila asubuhi napika bukari ya unga ya mahindi, sufuria mbili. Siwezi kulalamika. Balifika na miguu imevimba.

Baba yako anasema nkambo amevunjika mufupa wa nyonga, hawezi kupanda gari. Anasema akipona kidogo batakuja. Kila siku anasema akipona kidogo.

Mama Mutale alienda ku hospitali. Miye mwenyewe nilimupeleka, vile ulisema. Balichoma sindano. Majibu ilitoka: njo yenyewe. Dokta alisema batakata, na bakate mbio. Alikataa.

Usikasirike, nakuambia vile alisema. Alisema: «Mutoto wa Kasoki iko anatengeneza dawa yenye haikati.» Nilimusomea barua yako ya kwanza, pale unasema siku moja wanawake habatapoteza titi, na iko karibu. Anasema kama iko karibu, ju ya nini bamukate leo? Na kitu ingine, bwana yake hayuko. Anasema namna gani bwana anarudi anakuta bibi yake bamemukata, na hakuna muntu alimuuliza? Atangoja kidogo.

Weye unasema nini?

Mama yako


Johannesburg, 23 Januari 2025

Mama,

Msomee Mama Mutale barua hii neno kwa neno, usiruke hata moja.

Chembe zangu ni za panya. Kutoka panya mpaka mtu ni miaka mingi, na dawa nyingi hufia njiani. Nitawaambia jambo ambalo sikuliandika Oktoba kwa sababu ya furaha. Tulipowapasua wale panya, chembe tulizikuta kwenye ini. Katika kila mia zilizoingia mwilini, pengine moja ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Ile moja ilifunguka, ni kweli, na uvimbe ulisinyaa, ni kweli. Lakini panya ni mdogo na uvimbe wake ni mkubwa. Kwa mtu hatujui lolote. Hakuna dawa, Mama Mutale. Kuna panya na makaratasi.

Ukiningoja mimi watakuzika. Mtu mzima aliyeonyeshwa majibu, akaambiwa na daktari, halafu anakaa kungoja kitu ambacho hakipo, huyo ni mjinga. Mimi sitaki maiti ya mjinga iwekwe juu ya kichwa changu.

Mama, najua ni rafiki yako. Lakini kwa upole wako utamuua.

Halafu, mume wake amekwenda wapi? Baba Ngosa yuleyule ambaye havuki hata reli?

Emmanuella


Lubumbashi, 4 Februari 2025

Emmanuella,

Goma ilianguka. Utakuwa umesikia ku radio. Simu ya baba yako haiite tena, inasema tu haipatikane. Muhindo alipiga kwa bantu yote anajua kule. Mumoja alisema barabara ya uwanja wa ndege imejaa maiti, halafu simu ikakatika. Banki ya kule imefungwa. Kanisani tunaomba kila siku, na kila siku mama mumoja anapata habari na anaanguka chini. Miye sijapata, na nashukuru kwa kukosa.

Barua yako Zéphirin aliileta siku ileile. Nilimusomea Mama Mutale neno kwa neno, sikuruka.

Alisema tu uko na haki.

Usimukasirikie, mutoto. Muntu mwenye kuogopa si mujinga.

Kasoki


Kasungami, 18 Februari 2025

Ella mutoto yangu, jambo sana,

Miye njo Mutale. Utashangaa, ju sijakuandikia hata siku moja. Mukono yangu inajua jembe, basi vumilia.

Matiti yangu iko yote mbili, na iko mazima. Sina kitu. Sijaenda ku hospitali tangu nilizala Falonne.

Nitakuambia vile nilijua. Juzi nalima, naona bamama ya kanisa ya mama yako banashuka ku taxi na Biblia. Banaanza kuimba mu shamba yangu. Nikauliza: «Bamama, muko nani? Munaniombea nini?» Mumoja akanishika akasema: «Usione haya, Mama Mutale. Mama Kasoki alituambia. Ju ya titi.» Nikasema titi ya nani? Banaangaliana.

Niliacha jembe pale. Nilifika ku depo na matope ku miguu. Mama yako iko anapimia muteja waya. Nikamungoja amalize, nikamuambia: «Kasoki, miye niko mugonjwa?»

Alinipeleka nyuma ya mifuko ya saruji. Alifungua vifungo, moja moja. Ella, miye nimezalisha bantu, nimeosha maiti, lakini pale nilishika ukuta. Ile kitu imetoka inje. Anaweka pamba na kitambaa ya batoto, na juu anavaa liputa ya kitenge mbili mbili ili bantu basione, basisikie harufu. Na bale bantu bote ya Goma banalala mu nyumba, hakuna mwenye kujua.

Nikamuuliza: «Ju ya nini ulisema ni miye?»

Akasema: «Ju weye unamupenda Ella, na Ella anakupenda, atasema kweli. Miye angenidanganya.»

Barua ile ya mujinga, alinionyesha. Iko anaiweka mu Biblia. Nilitaka kukukasirikia, nikakumbuka haukujua.

Baba yako bado hakuna habari. Andika mbio.

Mutale


Johannesburg, 1 Machi 2025

Mama, mama yangu,

Mama Mutale ameniandikia.

Nimesoma barua zangu zote nilizokutumia, maana huwa nabaki na nakala. «Kwa kuwa si wewe, sitapamba maneno.» Niliandika hivyo. Nilikuambia wewe watakuzika. Nilikuita wewe mjinga. Ulikaa peke yako ukasoma, siku ambayo Goma ilianguka, ukaniandikia kwamba nina haki.

Naomba tu uende. Usinijibu, usikae kuandika, nenda. Muhindo atafungua depo. Bibi yake atapika bukari. Baba akirudi na akakasirika kwamba hakuulizwa, hasira yake nitaibeba mimi. Lakini hatakasirika. Unamjua kuliko mimi.

Nitakuja. Karatasi zangu za kukaa huku ziko ofisi ya uhamiaji, nikitoka sasa sitarudishwa ndani, lakini ukisema njoo, nitapanda lori la Zéphirin kesho.

Usifikirie kazi yangu. Inaendelea vizuri.

Emmanuella


Johannesburg, 1 Machi 2025

Mama Mutale,

Asante. Sitaweza kukulipa kwa miguu yako yenye matope.

Nakuomba umpeleke. Akikataa, mkalie mlangoni.

Wewe nitakuambia ukweli, na mama usimwambie. Maabara yetu imefungwa. Fedha zilitoka ng'ambo, na huko wameamua kuzikata, barua ilikuja asubuhi na jioni tukaambiwa tusianze jaribio lolote jipya. Panya wote wameuawa kwa hewa ya kulaza, kwa sababu hapakuwa na wa kuwalisha. Mimi ndiye niliyefungua bomba. Chembe zangu ziko kwenye friji, hakuna anayejua nani atalipia umeme wake.

Mama anaamini nina kazi. Mwache aamini, walau hilo.

Emmanuella


Lubumbashi, 30 Machi 2025

Ella wangu,

Mutale hajui kufunga kinywa. Mungu amubariki.

Balikata. Naandika na mukono ya kuume, ya kushoto bado nzito. Mutale alilala ku chumba ya hospitali chini ya kitanda yangu, kila asubuhi alinipikia uji inje, ku lubanza, na bale bengine benye kulinda bagonjwa yabo. Niliogopa siku balitoa bandeji. Niliangalia. Iko sawa na uwanja. Nikasema haya, basi ni hivi.

Sasa natiwa dawa. Ile ya kwanza ni nyekundu! Nilimuambia muuguzi: hii naijua, mutoto wangu alinielezea. Nilipoenda kukojoa, mukojo ni nyekundu, nikacheka peke yangu mu choo. Nywele imeenda. Muhindo alinunua peruki, nywele ya kuvaa, lakini inaniwasha, nafunga kitambaa.

Ile dawa ya pili, ya mti, haiko. Mufamasia anasema inachelewa ku mupaka, pengine mwezi ujao, pengine ule mwengine. Dokta anasema tuendelee na nyekundu, ile ingine tutaongeza ikifika. Nilimuuliza: si inafaa bile bintu biwili biingie pamoja, saa ileile, ili saratani ikose pa kukimbilia? Aliniangalia. Akasema: «Mama, nani alikufundisha?» Nikasema mutoto wangu. Akasema: «Anasema kweli, mama. Lakini hapa tunatia ile iko.»

Sasa sikia hii. Baba yako iko muzima. Alipiga na namba ya Uganda. Sauti ilikuwa kama ya muntu mwengine. Nkambo alikufa mu ile mapigano, balimuzika ku kiwanja ya jirani. Baba yako alibaki amejificha, halafu akavuka ku mupaka na viatu vya muntu mwengine. Atakuja polepole kwa barabara. Sikumuambia kitu ya titi. Alikuwa analia mama yake, ningemuambia namna gani?

Weye usikuje. Maliza kazi. Nikilala nafikiri uko mbele ya bale panya wako na koti nyeupe, inanipa usingizi. Endelea, mutoto.

Mama yako


Kasungami, 2 Julai 2025

Ella mutoto yangu,

Mama yako aliniambia nisikuandikie. Naandika.

Baba yako Kakule alifika. Sisi bote tulikuwa inje tunachagua maharagi, mama yako amefunga kitambaa, amekaa ku kiti ya plastiki. Taxi ilisimama. Muntu mumoja akashuka, mwembamba, ndevu nyeupe. Mama yako hakumujua mara ya kwanza, miye njo nilimujua ku mwendo. Alisimama ku mulango ya lubanza, hakuingia. Alikuwa anaangalia kile kitambaa.

Mama yako hakusimama. Alisema: «Kakule, balinikata. Hukuwa hapa nikuulize.»

Baba yako aliweka mufuko chini. Alikuja polepole akapiga magoti mu ile maganda ya maharagi, mbele ya batoto bote, mbele ya Muhindo. Alisema: «Marceline, miye nimemuzika mama yangu bila sanduku. Nimekuja njia yote nafikiri nitakuta na weye hauko. Nimekukuta. Balikata wapi? Niko nakuona muzima.»

Hapo mama yako alilia. Tangu ile siku ya nyuma ya saruji sikuona alie, hata ku hospitali. Tuliondoa batoto tukabaacha babili.

Yalikuwa majuma mazuri. Baba yako anamupimia uji, anamusomea gazeti. Ile dawa ya mti ilifika mwezi wa tano, balimutia mara chache, halafu ikaisha tena. Sasa macho yake imekuwa manjano, na tumbo inavimba. Dokta aliita baba yako mu ofisi, miye nikaingia pia, hakuna aliniuliza. Alisema imefika ku ini.

Ella, weye unajua kuliko sisi maana ya ile neno. Acha karatasi. Acha friji. Kuja.

Mutale


Johannesburg, 14 Septemba 2025

Mama Mutale mpendwa,

Nimefika salama. Pale mpakani walitusimamisha tangu asubuhi, mstari wa malori hauna mwisho, Zéphirin akanilazia kiti cha nyuma nikalala. Wamenipa kibali cha siku chache tu, nifunge chumba changu na kukabidhi funguo za maabara. Karatasi ya mwisho ya utafiti nitaimalizia nyumbani. Mwenye nyumba amenipa maboksi niwekee vyombo, na kila ninachokishika nakiweka chini tena.

Chembe walikuwa wamezitupa. Umeme ulikatika wakati niko huko, na hakuna aliyekuwepo wa kuzihamisha. Nilipoambiwa sikuhisi kitu. Profesa aliniambia ataandika kuomba fedha mahali pengine, nami nikamwambia akipata aniite. Nilisema kweli, kazi ile bado naipenda. Lakini daktari wa mama aliniuliza siku ya tatu ya kilio, tulipokuwa tumeshamzika, kama ningekubali kufanya kazi pale kwao, kwa sababu hawana mtu aliyesomea kupima na kuchanganya hizo dawa, wauguzi wanafanya wanavyoweza, bila glavu za kufaa. Nimekubali. Nitatia zilizopo, na zisizokuwepo nitazitafuta mpaka nizipate. Baba amefurahi, ingawa kwa sasa kufurahi kwake ni kutikisa kichwa tu.

Siku ya kuondoka uliniuliza jambo nikashindwa kujibu mbele ya watu. Uliniuliza mama aliniambia nini ile alasiri aliyowatoa nje wote, hata baba, akaniambia nifunge mlango.

Nilikuwa nimekaa kitandani nampaka mafuta miguuni. Ilikuwa imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamuuliza, kwamba si haki kumuuliza mtu aliye katika hali ile. Nikamuuliza.

Nikasema, «Mama, ulikuwa unangoja chembe zangu? Ni kwa sababu ya ile barua?»

Alifumba macho. Kisha akasema, «Nilikuwa nangoja baba yako.»

Nikalia, Mama Mutale. Nikamwambia, «Mama, usinidanganye. Uliniandikia mwenyewe. Niliandika iko karibu, na haikuwa karibu. Niliandika profesa ana matumaini. Miezi yote ile ungekuwa umeshakatwa.»

Akasema, «Nilingoja baba yako. Niliogopa kisu. Bantu balijaa mu nyumba, nani angebapikia? Ile yote.» Akapumzika, maana hata maneno machache yalikuwa yanamchosha. «Na barua yako pia niliingoja. Kila lori ikifika naangalia Zéphirin kama iko na bahasha.»

Nikaweka kichwa changu pale kwenye uwanja wake, upande wa kushoto. Moyo ulikuwa unapiga karibu sana, hapakuwa na kitu katikati. Nikamwomba anisamehe.

Akanishika sikio, kama alivyonishika nikiwa mdogo nimevunja kitu.

«Nikusamehe nini?» akasema. «Mama kungoja mutoto wake, njo kosa?»

Emmanuella